Mstari wa Mwisho wa Karatasi ya Shule

Nikisoma hati zilizoanzisha mataifa, huwa narukia mwisho, pale waanzilishi wanapoahidiana. Kanuni zilizotangulia humwambia kila mtu la kufanya. Ahadi ya mwisho husema yeye aliyetia sahihi yuko tayari kupoteza nini. Hilo sikufundishwa na kitabu. Nilifundishwa na mama mmoja mjane, jirani yetu pale kilimani karibu na Lushebere, naye hakujua kusoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa moniteri, mwalimu kijana mwenye mwandiko mzuri na majivuno ya kutosha. Familia za kilima chetu zilikubaliana kujenga shule yao, kila nyumba itoe mtu mmoja kila Alhamisi. Niliandika kanuni, nikazisoma kwa sauti baada ya ibada. Watu wakapiga makofi, isipokuwa mjane.

"Moniteri, maneno iko muzuri. Lakini muntu akikosa kuya, atapoteza nini?"

Niliipitia karatasi tena; hilo halikuwemo.

"Basi andika ku mwisho: ule atakosa kazi, siku ya kufa kwake hatutamuchimbia kaburi."

Niliona ni ukatili, nikabisha, lakini wote walimuunga mkono. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe, na kilima kizima huacha kulima mpaka mazishi yaishe. Nikaandika. Wenye nyumba wakatia vidole kwenye wino, baba yangu akiwa wa kwanza.

Baba alikuja Alhamisi mbili tu. Kisha akawa anapeleka maharagwe sokoni Mweso siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na nyumba yangu, kwa hiyo kazi yangu haikumfaa kitu. Nilimsihi.

"Mi niko baba yako, siko mwanafunzi wako," alinijibu, nami nikafyata mkia.

Homa ilimshika siku tatu, akafa. Asubuhi ile wanawake walikuja kulia na mama yangu, lakini hakuna mwanamume aliyefika na jembe. Walisimama mbele ya nyumba zao wakitutazama. Niliingiwa na hofu kubwa: baba yangu akose kaburi kwa mstari nilioandika kwa mkono wangu! Nikabeba jembe lake, nikateremka hadi kiwanja cha shule, nikaanza kuchimba msingi.

Mjane alikuja mbio, kanga ikimponyoka.

"Weka jembe chini! Papa yako angali ndani ya nyumba!"

"Nafanya Alhamisi zake, Mama. Zote."

Alininyang'anya jembe, akawageukia wanaume waliokuwa juu kilimani.

"Mukuye! Mulete majembe!"

"Na karatasi?" nilimuuliza huku nikilia.

Alikwisha kuanza kupanda kuelekea kwetu, jembe la baba begani.

"Tuliandika vile ili watu wakuye ku kazi," alisema. "We umekuya."