Fundi Cherehani Aliyetutangazia Mpira

Alikuwa fundi cherehani pale Kashai, mjane wa makamo, na kwa miaka kadhaa alikuwa ndiye sauti ya kundi letu la mashabiki mtandaoni. Timu yetu ilipocheza mjini Bukoba, alifunga kibanda chake, akaenda uwanjani na kututumia sauti moja baada ya nyingine. Kundini walikuwemo wakulima wa Kashozi waliosikiliza huku wakipalilia kibanja cha migomba, wanafunzi waliokuwa Dar, na wavuvi wa visiwa vya Muleba, ambako mtandao unaleta sauti lakini picha zinakwama. Sote tulimwita mae, kama Wahaya wanavyomwita mama, hata wale waliomzidi umri.

Alifungiwa kundini kwa sababu ya penalti. Tulikuwa sare, mpira unakaribia kwisha, mshambuliaji wetu akaanguka ndani ya boksi na refa akapuliza filimbi. Mae akatuma sauti: "Tumepewa penalti, waitu, ndugu zangu, lakini sitawadanganya. Hajaguswa. Amejiangusha."

Tulifunga, tukashinda, na badala ya kushangilia kundi zima likamgeukia. Walimwita msaliti. Wengine walidai amenunuliwa, maana mashabiki wa wapinzani walikuwa wameshaidaka ile sauti na kuisambaza kila mahali. Msimamizi wa kundi, mwalimu wa sekondari ambaye nilimheshimu sana, alimwomba aifute. Alikataa kwa upole. Jioni ile mwalimu akamtoa, akamfungia asirudi.

Mechi iliyofuata ilikuwa aibu. Walijitokeza watu wa kutangaza, lakini mmoja alipiga kelele tu, mwingine alimtukana refa mwanzo hadi mwisho, na wa tatu simu ilimzimikia. Mvuvi mmoja akaandika kutoka kisiwani: "Samahani ndugu zangu, tumefunga au tumefungwa?" Swali lake likapotea katikati ya matusi.

Hapo vijana wakafungua kundi jipya, wakamwingiza mae, na watu wakaanza kuhama. Akawashukuru, kisha akajitoa siku hiyohiyo. Sikumwelewa. Mimi nakaa Kagondo, basi nikapanda bodaboda kwenda kumwona. Nilimkuta anapiga pasi sare za shule. Nikamwambia watu wako tayari kumfuata popote atakapokwenda.

"Mkigawanyika, timu itabaki na nani?" akaniuliza. "Mwalimu amekosea, lakini wale watu aliwakusanya yeye. Mimi sitalivunja kundi lake."

"Na wa visiwani, mae?"

Akaisimamisha pasi. "Wa visiwani utawatangazia wewe. Nitakufundisha."

Mimi nauza dawa, kazi yangu ni kuongea na wagonjwa kwa sauti ya chini, na nilimwambia hivyo. Alicheka tu. Mechi ya nyumbani ilipofika tulikaa pamoja uwanjani, nami nikatangaza kwenye kundi la mwalimu. Alikuwa amenieleza niseme kwanza mpira uko wapi, halafu nani anao, na matokeo niyarudie kila mara, kwa kuwa kuna mtu ambaye mtandao ndiyo kwanza umemrudia. Yeye mwenyewe hakutaka kusema neno kwenye simu yangu. Nilipokwama alinionyesha kwa kidole. Nilipoanza kumlalamikia refa alitikisa kichwa, nikarudi kwenye mpira.

Kisha akajisahau. Kipa wetu aliruka akapangua shuti kali, naye akaguna na kusema, "Kijana amelala vizuri." Sauti yake ikaingia yote. Papo hapo wakaanza kuuliza kama huyo ni yeye. Niliandika kwamba ndiye, na kwamba ndiye anayenifundisha ili wao wasikose mpira. Wa kwanza kujibu alikuwa mkulima wa Kashozi, mmoja wa waliomtukana vibaya kuliko wote; aliomba radhi. Wengine wakamfuata.

Mwalimu alikuja mwenyewe Kashai baada ya misa, mimi nikiwepo. Alisema aliogopa kundi lingemfia mkononi, akaona heri amtoe mmoja kuliko kuwapoteza wote, na kwamba tangu siku ile hana raha. Mae alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kiti, akamwekea kahawa.

"Nitarudi," akasema. "Lakini wakijiangusha tena, nitasema."

"Sema, mae."

Mwalimu akamrudisha kundini hapohapo mbele yetu, kisha akatuma sauti kwa kundi zima kukiri kwamba kosa lilikuwa lake. Siku ile nilimheshimu mwalimu kuliko zamani. Kuhusu mae, sina hakika kama mimi ningeweza kuacha watu wengi kiasi kile wanaotaka kunifuata, nikarudi kwenye pasi yangu.

Wachache walijitoa kwa hasira mae aliporudi, na hawakurudi tena. Sasa tunagawana kazi: kipindi cha kwanza ni chake, cha pili changu. Na juzi juzi timu ilipokwenda ugenini, ambako hatuna mtu wa kututumia sauti, shabiki mmoja wa wenyeji wetu aliomba kuingia kundini atutangazie. Alisema alimsikia mae kwenye ile sauti ya penalti. Tulifungwa mabao mawili. Alitueleza mechi yote bila kutucheka, na bao lao la pili alisema wazi kwamba mfungaji alikuwa ameotea.