Kigingi cha Njia Panda

Fundi miwani aliponunua pikipiki, dada yake mkubwa alifunga safari kutoka upande wa pili wa mji kuja kulitukana. Ndiyo, kulitukana pikipiki lenyewe, maana mdogo wake alikuwa ameshatukanwa kwenye simu. Alilikuta sebuleni, pale palipokuwa na meza ya kulia chakula: la bluu, linang'aa, limeinamisha kichwa na kuinua matako kama beberu anayetaka kupiga mtu kumbo.

"Haya niambie," dada akasema, mikono kiunoni. "Kwa umri huu unataka kufa au unataka kuoa?"

"Sitaki lolote, dada. Nataka kutembea."

"Kutembea! Miguu aliyokupa Mungu ina kasoro gani?"

Kwa dada yule kila jibu ni kuni motoni. Na angemjibu nini? Mkewe alikuwa amefariki. Binti yao wa pekee ameolewa mbali, na ile meza ya kulia ameondoka nayo kwa idhini ya baba yake, maana mtu mmoja ana haja gani na viti sita? Sasa anakula sahani ikiwa mapajani, redio ikiongea, na akimaliza anaosha kijiko kimoja.

Dukani kwake napo hapakuwa na afadhali. Ni chumba chembamba kati ya saluni na duka la viatu. Kuna mashine ya kusagia vioo ikinung'unika na maji yake, kuna ule unga mweupe unaoganda kwenye aproni, kuna kioo cha mteja kujitazamia. Watu wanaingia wakipapasa, wanakaa, fundi anawasogelea usoni kuliko hata waume na wake zao wanavyowasogelea, anawawekea miwani, anawakazia masikioni. Wakishaona vizuri wanafurahi, wanatazama barabarani, wanasoma vibao vya mbali kwa sauti. Kisha wanaondoka.

Sasa tusidanganyane. Pikipiki la namna ile halikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mvi na kiuno kibovu. Hulikalii, unalilalia. Uzito wote uko viganjani, shingo imekunjwa, magoti yamebana tangi. Ukikwama kwenye foleni, joto la injini linakupanda mapajani mpaka unahisi unapikwa ndani ya suruali yako mwenyewe. Matuta ya barabarani unayapita mshazari, pole pole, la sivyo tumbo la pikipiki linakwaruza lami na moyo wako unakwaruzwa pamoja nalo. Gia ya kwanza peke yake inatosha kukupeleka kituo cha polisi. Zinazobaki ni za kutamani tu.

Lakini ukitoka nje ya mji, barabara ikanyooka, ukazungusha mkono kidogo, kidogo tu, lo! Dunia inakujia yenyewe. Kwa kitambo hicho fundi hakuwa mgane wala baba wa mtu aliye mbali. Alikuwa macho na mikono, basi, anaisoma kona inayokuja, na huzuni inakosa pa kukaa.

Taabu ilikuwa anaposimama. Haijapita dakika watu wameshajaa. "Linakwenda kasi gani hili?" "Linakunywa mafuta kiasi gani?" "Mzee, nataka kupiga nalo picha, hebu sogea kidogo." Sogea kidogo! Mwenye mali anaambiwa anaharibu picha ya mali yake! Kuna siku trafiki alimsimamisha, fundi akaanza kutafuta leseni, kumbe bwana mkubwa alitaka tu asikie injini ikinguruma. Alifumba macho, akasikiliza, akasema, "Nenda." Watu wote walizungumza na pikipiki. Hakuna aliyemuuliza fundi anakwenda kwa nani, na afadhali hawakumuuliza, maana alikuwa haendi kwa mtu. Alikuwa anafika mahali, anazima, anakunywa soda akiwa wima, anarudi.

Ndipo alipowapata wenzake. Walikuwa wanakutana Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta, wote na mapikipiki makubwa kama lake. Alikuwepo mkandarasi wa majengo waliyemwita Kiongozi, mwanasheria aliyeongea kuliko injini yake, msichana mfamasia mwenye kofia nyekundu, na wengine. Walimpokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Walimpa jina, Mzee wa Bluu, wakamwingiza kwenye kundi lao la simu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, fundi aliwaandikia "Habari za asubuhi, wapendwa," kisha anaichungulia simu kila akimaliza kioo, aone nani amejibu.

"Na hao wenzako wanapajua kwako?" dada aliuliza.

"Watakuja."

Alinunua hata vikombe vipya. Hawakuja, lakini hawakuwa wamekataa pia, na fundi alishikilia hapo.

Kilichomteka zaidi ni utaratibu wao wa njiani. Kundi la mapikipiki haliendi kama kundi la kondoo. Mwenye haraka yuko mbele, mwenye hofu yuko nyuma, na katikati yanaingia malori mpaka hamuonani. Kwa hiyo mbele kabisa anakaa Kiongozi, na nyuma kabisa anakaa, kwa zamu, mtu wanayemwita Mkia, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, na haruhusiwi kumpita yeyote. Mkifika njia panda, Kiongozi ananyoosha kidole kuelekea ukingoni bila kugeuka, na yeyote aliye nyuma yake anasimama hapo hapo. Huyo ndiye kigingi. Anawaonyesha wanaofuata pa kukatia kona, mmoja mmoja, mpaka kitokeze kile kizibao. Hapo anaingia mbele ya Mkia, safari inaendelea. Kizibao hakijapita, kigingi hang'oki, hata mvua inyeshe ya mawe. Akiondoka, walio nyuma wamepotea.

"Maana yake, dada, hakuna anayeachwa," fundi alimweleza.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

Kwa mara ya kwanza dada hakutukana. Alimtazama mdogo wake, akamwambia aendeshe kwa uangalifu.

Jumapili ninayoisimulia, fundi alichelewa. Jirani alikuwa amekalia miwani yake na anatakiwa harusini, na miwani ya jirani haina Jumapili. Alipofika kituo cha mafuta, mapikipiki yameshawaka na Kiongozi ameshawahesabu watu wake. Fundi hakuvua kofia, hakumsalimu mtu, akajipachika kwenye mstari wakaondoka.

Na siku hiyo aliendesha, jamani! Kona zilimtii. Alimpita mwanasheria, akawapita wengine, mpaka akajikuta nyuma ya Kiongozi mwenyewe. Alicheka peke yake ndani ya kofia. Basi wakafika njia panda ya kupandia milimani, kidole cha Kiongozi kikanyooka, na Mzee wa Bluu akasimama ukingoni akiwa na fahari kama aliyepewa cheo.

Wakaja wenye kasi, akawaonyesha kwa mkono. Wakapita wakiwa wamelala kwenye kona. Apitaye kigingi anatazama mkono, hatazami sura. Wakaja wa katikati. Wakaja waoga, akawaonyesha nao. Pakawa kimya, mkono ukachoka, akaushusha. Halafu ikatokea kofia nyekundu, peke yake, polepole. Mfamasia hakungoja kuonyeshwa, alikata kona mwenyewe na kumnyooshea kiganja. Fundi akampungia kwa furaha. Kisha akageukia barabara, akaendelea kungoja kizibao cha rangi ya machungwa.

Kizibao hakikuja.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mama mmoja anayeuza mkaa. Alimvumilia mpaka akashindwa.

"Baba, limekufia?"

"Halijanifia, mama. Nawangoja wenzangu."

"Wale waliopita na makelele?"

"Ndio hao."

"Si wameshapita wote?"

"Amebaki wa mwisho. Mimi hapa ni kigingi, siruhusiwi kuondoka."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Kigingi! Mimi kigingi ninachokijua ni cha kufungia mbuzi. Haya, mbuzi wako wako wapi?" Fundi naye akacheka, na mama akamvushia gunia tupu akalie, maana jua lilikuwa limekwisha kumchoma.

Alikaa pale mpaka kivuli cha pikipiki kikahama upande. Kila mlio wa mbali ulimnyanyua: lori, basi, lori. Mwanzoni alimhurumia Mkia, akadhani amepata pancha. Baadaye huruma hiyo ikaanza kumrudia mwenyewe. Wameshafika juu, aliwaza. Wameagiza chakula. Sasa hivi mtu atauliza, jamani, Mzee yuko wapi? Sasa hivi.

"Baba, mimi nafunga," mama alisema akifunika magunia yake. "Kwani huna simu?"

"Ninayo."

"Si uwapigie?"

Simu ilikuwa mkononi. Ukipanda kwenye kichuguu kilichokuwa pale, mtandao unapatikana. Alipanda, akaona umejaa. Jina la Kiongozi lilikuwa pale, kidole juu yake. Hakupiga. Mnaweza kumwita mjinga, na hata mimi nimemwita hivyo mara nyingi, lakini kuna mambo mtu hayaulizi. Hupigi simu kuuliza kama umekumbukwa. Akipiga, watakuja, hilo alilijua. Watakuja mbio na pole nyingi. Yeye alitaka mtu mmoja tu aone pengo bila kuonyeshwa, ageuze pikipiki na kurudi. Tangu mkewe afe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mbona umechelewa. Aliteremka kichuguuni akakaa tena juu ya gunia.

Jua lilipoanza kulegea, aliwasha pikipiki akarudi mjini, polepole, akipitwa hata na magari ya mizigo. Kumbe kundi lilirudi kwa barabara ya upande wa pili wa milima, kama walivyopanga asubuhi kabla yeye hajafika.

Nyumbani alifuta matairi kwa kitambaa, akalisukuma pikipiki sebuleni, akafungua simu. Picha ilikuwa imeshafika: watu wote mezani, milima nyuma yao, wanacheka. Chini yake Kiongozi ameandika, "Tumekwenda wote, tumerudi wote. Hesabu imetimia." Na mwanasheria naye, kwa kuwa hawezi kunyamaza: "Mkia wetu leo joto limemshinda, kizibao amekikunja mapema akakitia begini!" Fundi akaikuza picha. Kizibao cha rangi ya machungwa kilikuwa kinachungulia kwenye begi la mfamasia, kando ya kofia nyekundu.

Fundi alikaa chini. Kumbe Mkia alipita. Alimwita kwa kiganja, naye akampungia kama mtu anayeaga meli. Anayewapa watu macho, na hakuliona lililo mbele yake!

Ujumbe mwingine ukaingia, wa Kiongozi. "Mzee wa Bluu, leo umetukimbia wapi? Tumekukosa."

Alianza kuwaandikia yote. Jirani, kuchelewa, kidole, mama wa mkaa, jua. Ulikuwa ujumbe mrefu. Alipoufikisha mwisho akausoma, akaliona swali litakalofuata: Mzee, kwa nini hukupiga simu? Akaufuta wote. Akaandika, "Nilikuwa na shughuli kidogo. Hongereni kwa safari."

Hazikupita dakika nyingi, mfamasia akamwandikia pembeni, yeye peke yake.

"Shikamoo Mzee. Samahani, kuna mtu alikuwa amesimama pale njia panda na pikipiki la bluu kama lako. Nilimwashiria anifuate, akanipungia tu. Ulikuwa wewe?"

Fundi aliusoma, akausoma tena. Hiki ndicho alichokingoja mchana kutwa juu ya gunia la mkaa: mtu mmoja, bila kuambiwa, anamtafuta. Neno moja lilitosha. Lakini akamwona binti yule akiligundua kosa lake, akilia pengine, akivuliwa cheo cha Mkia, kundi zima likimwomba Mzee radhi, na kila Jumapili kuanzia hapo wakimhesabu yeye kwanza, kwa sauti ya upole, kama anavyohesabiwa mgonjwa. Aibu ikamshika, na aibu ikawa na nguvu kuliko njaa yake.

"Marahaba, mwanangu. Hapana, si mimi huyo."

"Afadhali!" akajibu papo hapo. "Maana nilipomtazama kwenye kioo nilimwona bado amesimama, nikajua si wa kwetu. Lakini alinitia huruma, sijui kwa nini. Roho imeniuma njia nzima."

Fundi akaandika:

"Usijali, mwanangu. Labda alikuwa anawangoja watu wake."