Goti Langu Kwenye Kanda ya Kupamba

Nililirekodi goti langu juu ya harusi ya dadangu. Naungama mapema, maana huku kwetu Likoni hakuna asiyejua, na nikilikalia kimya nitaambiwa najificha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani nipumzike kidogo, na hadi leo sijatosheka. Nauza barafu za ukwaju na maji baridi barazani, kutoka kwa friji moja yenye kelele, na safari yangu ndefu ya kawaida ni kutoka hapo hadi kitandani. Kwa hivyo mama aliponiambia niende Magongo, nilihisi kama naagizwa chumvi Bara Hindi.

Alikuwa ameshika kamera ya shemeji yangu, ile aliyokuja nayo kutoka Arabuni zamani hizo, na kanda moja ndogo, kiasi cha kiberiti.

"Humu mna siku ya kupamba ya dadako, ile ya miaka hiyo," akasema. "Mpelekee yule bi aliyeipiga mwenyewe. Aitoe humu, aitie kwenye kompyuta, aikate na kuipanga, tuione kwenye tivii. Nawe usiiguse. Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Usiiguse."

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Bibi harusi hukalishwa jukwaani, wageni huvua mabuibui mlangoni, nywele na mabega hutoka kupunga hewa, na mwanamume haingii, hata yule wa kubeba viti. Simu huachwa nje. Anayepiga video ni mwanamke, na kanda ile huangaliwa na wanawake. Sisi ndugu wa bibi harusi hula sahani yetu ya pilau huko nje, tukashukuru.

Na kanda hii haikuwa ya harusi tu. Mama mkubwa, yaani dada wa mama yangu, alifariki mwaka jana. Maisha yake yote alikuwa hataki kupigwa picha. Iliyobaki ni ile ya kitambulisho, ambayo amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Lakini siku ya kupamba aliimba, na kamera ilikuwepo. Tangu azikwe, mama alikuwa na neno moja: "Nataka nimsikie mara moja tu. Alikuwa na sauti kama asali." Kaka, dada, majirani, sote tumelelewa na habari za asali hiyo.

Sasa hapo ndipo uvivu wangu ulipoingia. Nikawaza: nivuke feri, nifike mpaka Magongo, halafu kanda iwe mbovu nirudi mikono mitupu? Si afadhali niijaribu kwanza? Sitaangalia, nitasikiliza tu kama yazunguka. Nikatia kanda, nikaipakata kamera pale barazani, nikabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, chekundu.

Kioo kidogo cha ubavuni kikawaka. Nikaona goti. Goti nene, tupu, limejaa kioo chote.

Wallahi nilishtuka. Nikajisemea, astaghfirullah, ni mgeni gani huyu aliyekaa hivi harusini? Nikageuza uso ukutani kwa heshima zote, nikategea sikio nimsikie mama mkubwa. Nikasikia kunguru. Nikasikia friji. Nikazidi kujistahi, macho ukutani, hadi mguu uliponifa ganzi. Nikaunyoosha, na kwa pembe ya jicho nikaona lile goti la harusini nalo linanyooka.

Kitufe chekundu, kumbe, si cha kucheza. Ni cha kurekodi. Nilikuwa nimejisitiri kwa muda wa kuhesabu mpaka arubaini mbele ya goti langu mwenyewe, na huku nalipiga video juu ya kanda ya mama.

Nikazima. Nikafunga kila kitu kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia mama naondoka. Akashangaa nilivyo mwepesi siku ile.

Bi mwenyewe nilimkuta ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Ni mwanamke wa makamo yaliyokwisha kupita, miwani imefungwa uzi shingoni, na chumba chake kimekatwa katikati na pazia zito. Mbele ni benchi ya wateja. Nyuma ya pazia hufanyika kazi ya kanda za wanawake, na huko hapiti mtu.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watoka jasho la mwizi?"

Nikamweleza yote, goti na arubaini zake. Hakucheka, na hilo likaniogopesha zaidi. Aliichukua kanda, akainua kile kifuniko chake kidogo kwa ukucha, akainusa.

"Ina ukungu kidogo, si sana. Iliyooza hunuka kama kiatu cha shule."

Kisha akafunua kompyuta. Pembeni alikuwa na nyingine mpya, nyembamba, lakini hakuigusa. Hii ilikuwa kongwe, pana kama sanduku la bati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio za wazee. Akaniambia kwamba kanda hizi hutolewa kwa waya ambao kompyuta za siku hizi hazina hata tundu lake, ndiyo maana mzee huyu hamuuzi wala hamwazimi mtu. Akaipitisha kwenye kamera kanda nyingine ya kusafisha. Halafu akatia yetu, akaipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha hadi mwanzo, bila kuonyesha picha yoyote.

"Imelala miaka imejikunja," akasema. "Lazima inyooshe mgongo kwanza. Ukiikurupusha inakatika."

Mimi niliyeikurupusha nikaangalia sakafu.

"Marehemu aliimba wakati gani?"

"Sijui, bi. Mimi nilikuwa nje na pilau."

"Basi mpigie mamako. Siwezi kumtafuta nisiyemjua kati ya wanawake mia tatu."

Nikampigia.

"Mama, nimefika. Bi auliza, mama mkubwa aliimba wakati gani?"

"Mwanzo. Yeye ndiye aliyefungua shughuli, kabla bibi harusi hajaletwa. Gauni la kijani. Hukohoa mara tatu kisha huimba. Kwani?"

Mwanzo. Pale pale lilipokaa goti langu.

"Mama, niliigusa."

Nilisubiri matusi. Mama ana akiba ya matusi ambayo huyatoa kwa zamu, na mimi nayajua kama vituo vya gari. Hakutoa hata moja. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Umefuta kiasi gani?" Nikamwambia, kidogo, wa kuhesabu arubaini. Akakata simu.

Bi wa kompyuta alikuwa ameshasikia. Akaingia nyuma ya pazia, akavaa vile vya masikioni ili sauti za watu wa ndani zisisikike na wapita ngazi, akaanza. Nikabaki kwenye benchi nikitazama visigino vyake chini ya pazia.

"Kuna mtu hapa," akasema.

"Nani, bi?"

"Goti." Mkono ukatoka, ukageuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Hii sehemu ni halali yako. Njoo ulione."

Nikaliona. Kwenye kioo kikubwa lilikuwa baya zaidi.

"Lina kovu."

"Nilianguka na baiskeli, bi."

"Sikuuliza." Kioo kikarudi kwake. Halafu akasema, "Giza."

"Giza gani?"

"Giza langu hili! Subiri." Nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu aliyekutana na nguo yake ya zamani. "Mwanangu, mimi sianzi kazi na mwanzo wa kanda. Pale mwanzo ndipo hujikunja na kupoteza picha. Kila kanda mpya niliiendesha dakika nzima kifuniko kikiwa juu ya lenzi, ndipo nikafungua. Wenzangu wakinicheka, wakisema napoteza kanda za watu. Wewe umelirekodi goti lako juu ya kifuniko."

Nikakaa. Sikujua kama nilikuwa nimesimama.

"Haya, taa zimewaka. Kuna mama wa gauni la kijani. Akohoa." Visigino vikainuka. "Akohoa tena. Mara ya tatu."

Nikataka kupiga kigelegele, nikakumbuka mimi ni nani. Lakini haikuwa mwisho wa mtihani, maana ghafla akasema, "La, la, la," akasimamisha. Picha ilikuwa inapasuka vipande vipande kama vigae, na sauti inakatika. Akaitoa kanda, akasafisha kamera, akairudisha nyuma, akajaribu. Ikapasuka tena, pale pale kwenye wimbo. Akatoa, akapuliza kile chumba cha kanda kwa kipira cha mpira, akangoja kamera ipoe. Hakulaani wala hakupiga ubao wa meza. Mimi friji ikinguruma vibaya huipiga teke. Yule bi alingoja hasa, mikono mapajani, kama mtu anayengojea mtoto alale.

Mara ya tatu ikapita.

Nikadhani sasa atavuta mara moja tuende zetu. Nikauliza kama haiharakishwi.

"Kanda ya saa moja huingia kwa saa moja," akasema. "Harusi haiwezi kwenda mbio kuliko ilivyokwenda."

Na saa nzima ile hakuondoka kwenye kiti. Nilizoea kufikiri kwamba kompyuta hufanya kazi yenyewe na mtu hunywa chai. Yeye alikaa nayo, kalamu mkononi, akiandika kila mahali palipochafuka ili aparudie. Baadaye akaanza kukata, vidole vikitembea juu ya vibonye bila ya yeye kuvitazama. Goti likaenda. Giza likaenda. Nikamsikia akijisemea, "Huyu mama amelala mdomo wazi. Ondoka, mwenzangu, sikukupiga nikuaibishe." Akakata tena. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Na huyo mama hatajua kamwe kwamba kuna mtu Magongo alimfunga mdomo kwa heshima.

Wimbo akauweka peke yake, mbele ya vyote. "Mamako hatakuwa na haja ya kutafutatafuta. Abonyeze mara moja, amsikie dadake. Akitaka tena, abonyeze tena."

Mwisho akainakili kazi yote kwenye flashi, akafuta kila kitu kwenye kompyuta yake, akaniita nishuhudie kwamba kisanduku ni kitupu. Flashi akaitia kwenye bahasha, akaipaka gundi. "Afungue mamako. Si wewe."

Pale ngazini nikampigia mama. "Yupo," nikamwambia. "Mama mkubwa yupo mzima, na kikohozi chake." Akavuta pumzi. Kisha akaanza kunitukana, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na mimi nikateremka ngazi ile nikitabasamu kama niliyepewa zawadi.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, dadangu akaja, majirani wa kike wakaja, pazia likavutwa, na mimi nikatolewa nje pamoja na friji yangu. Kati ya waliokuja alikuwemo jirani yetu wa ukuta wa pili, mama mtu mzima ambaye hajawahi kuzunguka neno. Alikuwepo siku ile ya kupamba, na alishakuja asubuhi kuniuliza kuhusu goti.

Nikasikia kikohozi. Kimoja, viwili, vitatu. Nikaacha barafu mkononi ikayeyuka. Halafu mama mkubwa akaimba.

Nitasema nini? Nilingoja asali. Kilichotoka ni kitu kama mlango wa ghala, kinapanda pasipopandika na kushuka kwa kishindo, na hakikuwa na aibu hata chembe. Wimbo ukaisha. Nikangoja kusikia mama atasema nini. Kikohozi kikaanza upya, na upya tena, na katikati yake nikasikia mama akicheka na kupenga kamasi, akicheka na kupenga.

Pazia la dirisha likasogea, na uso wa jirani ukatokea umelowa machozi.

"Wallahi marehemu hakuwa na sauti siku ile, na leo pia hana," akaniambia. "Lakini mamako ameshamrudisha mara nne, na hakuna anayetaka kwenda kupika."