Msumari na Dishi la Bwana Ramani

Kabla sijasema lolote kuhusu dishi, niseme kwanza nani alimfundisha mpwa wangu kuendesha lori. Ni mimi. Na nani alimwonyesha kuisikiliza injini kabla ya kuifungua? Mimi tena. Shangazi zake walisema nampoteza mtoto wa kike, na leo hao hao wakitaka kusafiri wanauliza kwanza kama yeye ndiye anayeshika usukani. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, kidogo ni kwa kujisifu.

Tunamwita Msumari. Jina nilimpa mimi alipokuwa na miaka tisa, siku alipokaa kwenye ngazi ya lori langu na kukataa kushuka mpaka nimchukue safari. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alivuta mguu. Jirani alivuta mkono. Mtoto hakung'oka. Sasa ana miaka arobaini na miwili, na kwa miaka kumi na sita ameendesha gari la eksrei.

Gari lenyewe ni lori lenye chumba cha bati mgongoni, na ndani ya chumba kuna mashine ya kupiga picha za vifua. Linakwenda kule ambako mnara wa mwisho wa simu umeachwa nyuma saa mbili nzima. Watu wanaokohoa wanapanga foleni, wanaingia mmoja mmoja, wanaambiwa vua shati, vuta pumzi, shikilia, achia. Zamani picha zilirudi mjini na gari, daktari akazisoma, na majibu yakapelekwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu kwa mtu anayekohoa damu! Wengine walikutwa wamehama. Wengine walikutwa wamezikwa, na Msumari ndiye aliyekuwa akiwapa wajane zile bahasha.

Kwa hiyo tuliposikia gari litawekewa intaneti ya setilaiti, alikuja kwangu mbio, hata kiatu hajavua.

"Mjomba, daktari ataziona picha nikiwa bado pale pale! Mgonjwa anaondoka na dawa mkononi!"

Ofisi ikaita kikao cha kuchagua dishi. Watu saba walikaa mezani. Dereva, ambaye ndiye atakayelala nalo na kuamka nalo, akapewa kiti cha plastiki mlangoni. Mezani kulikuwa na madishi matatu. La kwanza lilikuwa la nyumbani, bei nafuu, lakini limefungwa kwenye anwani moja, ukilihamisha linanuna na halifanyi kazi. Hilo hata mjumbe aliyekuwa anasinzia alilikataa. La pili lilikuwa dogo, ukubwa wa sinia, na mguu wake na waya wa mita thelathini. Ukishasimamisha gari unalishusha na kuliweka popote penye mbingu wazi. La tatu lilikuwa bapa, zito, linang'aa, linafungwa kwa bolti juu ya paa, na linashika intaneti hata gari likiwa linakimbia. Bei yake ilikuwa mara nne ya lile dogo.

Msumari akaomba kuuliza. Waya ni mrefu kiasi gani? Linakula umeme kiasi gani, maana betri ile ile ndiyo inayowasha gari asubuhi? Kisha akasema jambo ambalo mtu mwenye masikio mawili, au hata moja, angelisikia:

"Wakubwa, picha hatupigi tukiwa mwendoni. Tunapiga tumesimama, na tunasimama kivulini. Naomba lile la waya mrefu."

Mkuu wa Usafiri akatabasamu. Huyu ni mtu wa tai na simu mbili, na madereva wanamwita Bwana Ramani. Mtaelewa sasa hivi kwa nini.

"Dada," akasema, "hili la juu ya paa litatuonyesha gari liko wapi kila dakika. Hapa, kwenye ramani ya simu yangu."

Wajumbe wote wakatikisa vichwa kukubali, na kikao kikaisha hapo.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Walikwenda kununua jicho la daktari, wakarudi na jicho la kumchunga dereva! Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita hajapoteza hata spana moja, na ambaye akifuta kioo anarudisha kitambaa stoo!

Na mimi? Mnataka kujua mimi nilifanya nini. Niliitwa kulifunga, kwa sababu hakuna fundi bodi kama mimi, na wanaobisha walete paa lao linalovuja nilizibe. Nikaliona linavyong'aa, nikamwambia mpwa wangu, "Usilalamike, hili lina hadhi."

Akanitazama. "Mjomba, na wewe?"

Nikatoboa matundu manne. Paa halijavuja hata tone. Lakini kila nikiyakumbuka natamani ningeyaziba kwa vidole vya Bwana Ramani.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mashine ya eksrei ina tabia kama yangu, ikipata joto inalala. Ndiyo maana Msumari huegesha chini ya miti, kila kituo anajua mti wake. Nalo dishi halioni kupitia majani, linahitaji mbingu tupu. Akiegesha kivulini, mashine inafanya kazi na dishi linakuwa kipofu. Akiegesha juani, dishi linaona na mashine inalala saa mbili. Dishi lingekuwa na waya, angeliacha gari kivulini na kuliweka dishi kule uwandani juu ya kigoda. Lakini hili limekazwa kwa bolti za mjomba wake.

Ikabidi apige picha kivulini, alitoe gari hadi uwandani, atume, alirudishe kivulini, ashushe jeki nne, alisawazishe upya, aendelee. Alifanya hivyo siku sita, mara nane kwa siku. Kuku wa kituoni walichoka kumkimbia.

Na mjini, Bwana Ramani alikuwa mezani na kikombe chake, anaangalia simu. Gari linaonekana. Gari limepotea. Linaibuka mita mia mbili pembeni. Limepotea tena! Na mafuta yamepanda. Akili yake ikamwambia jambo moja tu, nalo akaliandika kwenye barua: dereva hujificha asionekane, kuna matumizi ya mafuta yasiyoelezeka, ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asiondolewe kwenye usukani.

Msumari aliniletea barua ile saa ya chakula. Alikula amesimama. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia.

"Mjomba, nikitolewa kwenye gari hili mimi nitakuwa nani?"

Nikasema nakwenda kumpiga.

"Utampiga na mgongo gani?" akaniuliza. "Juzi ulishindwa kuinua mtungi."

Akachukua kalamu, akajibu kwa mstari mmoja: *Mkuu, njoo ukae nami kituoni siku moja uone.* Na Bwana Ramani akakubali, kwa sababu aliamini anakwenda kumkamata. Akaagiza na mimi niende, maana huenda dishi "limefungwa vibaya na fundi wa familia." Vibaya! Mimi! Usiku ule nilinoa maneno mpaka yakawa na makali pande zote.

Siku ya sita ya zile siku saba tukaondoka alfajiri. Bwana Ramani alikaa katikati, simu mkononi, na tai yake, kwenye vumbi lile.

"Oneni! Tunaonekana! Hapa tumekata kona!"

"Kona tumeikata, Mkuu," Msumari akasema, "niliiona mwenyewe."

Tulipofika, watu walikuwa wamekaa chini ya miti wanasubiri. Msumari akapunguza mwendo.

"Niegeshe wapi, Mkuu? Leo wewe ndiye unayeamua."

"Penye mtandao. Kuna swali hapo?"

Akaegesha juani, katikati ya uwanda, bila kubisha. Foleni ikahamia juani. Mpiga picha wetu, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, akawasha mashine. Vuta pumzi, shikilia, achia. Picha zikaruka mjini moja baada ya nyingine, na Bwana Ramani akawa anatutazama kama yeye ndiye aliyeirusha setilaiti. Picha ya kumi na moja, mashine ikalia kama mtoto aliyeonewa, ikazima.

Aliyefikiwa na zamu alikuwa mchimba visima, mifupa mitupu, ameshikwa bega na mkewe. Mke alikuwa amemsukuma juu ya baiskeli siku mbili.

"Mmefunga?" mke akauliza.

"Imepata joto, mama," mpiga picha akasema. "Saa mbili hivi."

Mama yule akageuka, akampima Bwana Ramani kutoka kwenye viatu hadi kwenye tai.

"Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mimi ni wa usafiri."

"Basi safirisha gari kivulini!"

Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, hata nikalazimika kuegemea tairi. Bwana Ramani alikuwa amelowa, kola imemganda shingoni.

"Dereva, sogeza kivulini."

"Ni wewe unayesema, Mkuu? Mashahidi wamesikia?"

"Sogeza!"

Akasogeza. Jeki nne zikashuka, mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia, mashine ikapoa, mchimba visima akapigwa picha. Bwana Ramani akatoa simu, akaipiga kofi, akainyanyua juu, akaishusha.

"Mtandao umekwenda wapi?"

"Uko pale pale ulipouacha," Msumari akasema.

Hapo ndipo akanigeukia mimi. "Mzee, panda uangalie bolti zako!"

Nikapanda, kwa umri huu. Nikagonga bolti moja moja ili asikie. "Zimekaza. Panda nawe uzishike kwa mkono wako, usije ukasema fundi anajitetea."

Akapanda na viatu vyake vya ofisini. Aliposimama wima, kichwa chote kikazama kwenye matawi, jani likamwingia mdomoni. Akatema. Akatazama juu, akatazama dishi, akatazama juu tena. Kisha akasema taratibu:

"Kumbe ni majani."

Kumbe ni majani! Mtu aliambiwa kikaoni, kwa Kiswahili, na mwenye kazi yake, akiwa ameketi kitini bila jani hata moja mdomoni! Mimi nilitaka kumshusha paani kwa njia fupi. Tuliposhuka, Msumari alikuwa ameshakunja jeki. Akalitoa gari hadi uwandani, picha ya mchimba visima ikaenda, na kabla mkewe hajamaliza kumfunga vifungo vya shati, daktari akajibu: ni kifua kikuu, aanze dawa leo. Mama yule akapokea dawa kwa mikono miwili, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akakaza fundo kwa meno.

Tulifanya hivyo mara saba. Kila mara Bwana Ramani aliteremka, akasimama pembeni, akapanda.

Foleni ilipoisha na jua likianza kulegea, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. "Haya, twende."

Msumari alikuwa nje. Akatoa barua mfukoni, akailaza juu ya boneti, upande usio na maandishi.

"Andika, Mkuu."

"Tutaongea ofisini."

"Ofisini nilikaa mlangoni. Andika hapa."

"Unanitishia?"

"Hapana. Ulinipa siku saba nijieleze, na leo ni ya sita. Nimemaliza kujieleza. Sasa andika ulichoelewa."

Bwana Ramani akanitazama mimi, nadhani alitafuta mwanaume mwenzake. Nikamkabidhi kalamu.

Akashuka, akaandika boneti ikimchoma viwiko: *Dereva hana kosa.* Akatia saini.

"Ongeza dishi," Msumari akasema.

Akaongeza kwamba linahitajika dishi la kushushwa, la waya mrefu.

"Ongeza na mafuta."

"Mafuta gani? Mimi sikuandika kwamba umeiba."

"Uliandika 'yasiyoelezeka.' Yaeleze."

Nilimwona shingo ikivimba. Mpwa wangu hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori kama alivyoketi akiwa na miaka tisa, na mimi nilijua, na mama yake angejua, kwamba hakuna mguu wala mkono wa kuvuta. Bwana Ramani akaandika mafuta yote, safari kwa safari, mita mia mbili kwenda na mita mia mbili kurudi, mpaka karatasi ikajaa. Ndipo Msumari akawasha gari.

Usukani bado ni wake. Dishi dogo lilikuja baada ya mwezi na siku kadhaa. Kila kituo sasa analiweka uwandani juu ya kigoda, na watoto wanakatazwa kulisogelea. Ripoti ya ofisi ilisema tatizo "liligunduliwa na Mkuu wa Usafiri katika ziara yake." Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno dereva. Halimo.

Lile linalong'aa bado liko paani, maana tukiling'oa matundu yatabaki. Msumari amelizima ili lisimalize betri. Wiki iliyopita nilikuwa naye kituoni simu ilipopigwa kupitia intaneti ya lile dogo, na sauti naijua.

"Dereva, mbona sikuoni?"

"Niko kivulini, nafanya kazi," akasema, akarudisha simu mfukoni.

Bwana Ramani hajaomba radhi. Mpwa wangu anasema hana muda wa kuisubiri radhi hiyo, ana foleni. Sawa. Mimi sina foleni. Nimestaafu, nina kiti, na ninaisubiri.