Fundi Vyerehani na Neno Lenye Q

Mtaani walimwita Fundi, maana alitengeneza vyerehani tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Mkewe walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na hakuwa mtu wa kumumunya maneno: ukikosea mbele yake, utasahihishwa kwanza, kiti utapewa baadaye.

Ndiyo maana kimya chake kiliielemea nyumba. Kiharusi kilimwangusha jikoni asubuhi moja, kikamlegeza mkono wa kulia na kuuvuta mdomo upande. Daktari alieleza kwamba akili haijaguswa, ulimi ndio umekuwa mzito, na dawa yake ni kuzungumza. Lakini Mwalimu aliposikia sauti yake ikitoka kama ya mlevi, aliona haya, akafunga mdomo. Miezi minne akawa anajibu kwa kichwa tu. Fundi alimbembeleza, akamtania, akanuna, akarudi kumbembeleza. Wapi!

Binti yao, muuguzi, akawaletea mchezo: ubao wenye miraba midogo na mfuko wa vipande vya mbao, kila kimoja na herufi yake. Unachomoa herufi saba, unaunda neno la Kiingereza, unapata pointi. Alimnong'oneza baba yake kwamba mama ataweza kucheza kwa mkono wa kushoto, bila kusema lolote. Fundi aliguna. Kiingereza chake chote alikiokota kwenye vyuma na maboksi. Hata hivyo akapiga moyo konde.

Siku za kwanza alichapwa vibaya. Herufi nyingine aliweza kuzibahatisha, ila Q, X na Z zilimkalia mbele kama wageni wasioaga. Basi akaanza kuwinda maneno. Alinunua daftari, kila herufi sugu akaipa ukurasa wake. Alisoma pakiti za dawa, makopo ya rangi, vibandiko vya mafuta ya mashine. Mteja akileta cherehani, kabla hajaeleza ubovu wake, anaulizwa kama ana neno lolote lenye X. Siku moja akaona ZIGZAG imeandikwa kwenye cherehani kilichokaa mezani kwake mwaka mzima. Alifunga karakana, akaenda nyumbani mbio kumtangazia mkewe. Mwalimu akamwinulia kidole kimoja: mfukoni Z ni moja tu. Lakini pembe ya mdomo wake ilichezacheza, na Fundi aliiona.

Jioni moja akachomoa Q. Wiki hiyo mteja mmoja mwenye haraka alikuwa amemsumbua kwa "kwik, kwik", na binti yao alikwisha kumfundisha kwamba Q haitembei bila U. Fundi akapanga kwa madaha: Q, U, I, K. Akaegemea kiti.

Mwalimu akatikisa kichwa. Fundi akajitetea kwamba sauti imetimia, hakuna kilichopungua. Mwalimu akagusa pale kati ya I na K. Fundi akawaza kidogo, akapachika E. Mwalimu akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano.

"C," akasema. Sauti ilitoka ikijiburuta. "C, halafu K."

Fundi alitaka kulia, ila alimjua mkewe. Akilia tu, mlango utafungwa tena. Akajikaza, akashika kidevu.

"C ya nini, Mwalimu, na K ipo?"

Mwalimu akaeleza. Alieleza polepole, akijifuta mate kwa leso, kwamba baada ya irabu fupi herufi hizo mbili huandamana. Fundi akasema hajaelewa. Akaelezwa tena. Mara ya tatu alikuwa ameshaelewa, lakini hilo alilimeza.

Ulimi haukurudi wote. Akichoka, maneno bado yanagongana. Ila anazungumza, na mtaa mzima unajua. Wapo wanaomsifu Fundi kwamba alikosea makusudi kwa hekima. Naye anakula kiapo kwamba alikosea kwa kutojua.

Juzi binti yao alifika akawakuta wanazozana. Fundi alikuwa ameleta neno lenye X kutoka kwenye pakiti ya sindano. Mwalimu anasema hilo ni jina la kiwanda, halihesabiwi. Fundi anadai lisingechapishwa kama si neno. Binti alitua mkoba wake kizingitini, akasubiri wamalize apate kuwaamkia. Hawakumaliza.