Sukari Tuliyompelekea Kocha

Kibanda changu cha chai kiko karibu na uwanja, upande wa Wabera, na kila Jumatatu mashabiki wa timu yetu hujaa hapo. Mimi nakaanga mandazi, wao wanamkaanga kocha.

Msimu ule kesi ilikuwa moja tu: kipa wetu wa kwanza alikuwa amechoka. Mpira unapita ndipo anaruka, na kocha hataki kusikia. Kipa wa akiba alikuwa ndugu yangu wa mwisho, niliyemlea mwenyewe baada ya mama kufariki. Alikuwa amekaa benchi hadi akachoka, na alishaniambia kwamba asipocheza mwaka huo ataacha mpira aende Nairobi kutafuta kibarua. Kwa hivyo sitajifanya nilikuwa hakimu. Nilitaka yule mkongwe atolewe, na kila aliyemtetea nilimmiminia chai nusu kikombe.

Watetezi hawakuwa wengi. Askari mmoja mstaafu alisema kwamba mwaka wa ukame, wachezaji wengi walipofuata mifugo malishoni, kipa yule alibaki. Alikuwa akitoka mbali huko Chechelesi kwa miguu kuja mazoezini, hata siku ambazo uwanjani ni yeye na kocha peke yao. Kocha atamsahau vipi mtu kama huyo? Muuza duka jirani yangu, Mmeru asiyependa maneno mengi, akamjibu kwamba shukrani ni kitu cha nyumbani, uwanjani tunataka mtu wa kudaka. Huyo nilimwongezea mandazi moja ya bure.

Mwishowe tukaamua kwenda nyumbani kwa kocha, mtaa wa Kiwanjani, tukazungumze kwa heshima. Tulikuwa watatu: askari kwa sababu ya umri wake, muuza duka, na mimi. Na kwa kuwa huwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu, tulivaa nguo za Ijumaa tukabeba sukari na majani ya chai.

Hapo ndipo tulipoharibu. Wanaume wazima waliovaa vizuri, wamebeba sukari na majani, mwanamke nyuma yao, wanabisha hodi kwa mtu mwenye binti mkubwa: huku kwetu hiyo ni posa, hakuna haja ya kuuliza. Mke wa kocha alitupokea kwa tabasamu ambalo sijawahi kuliona usoni mwake. Akatuma jirani akamwite shangazi, binti naye akajifungia chumbani. Tukaletewa chai ya maziwa ya ngamia, kisha nyama. Muuza duka akaninong'oneza kwamba tuondoke. Tuondoke vipi, na sukari ishaingia jikoni?

Shangazi alipofika na kuuliza kijana ni wa ukoo gani, wenzangu wakaanza kutazama mkeka. Ikabidi niseme mimi.

"Hatukuja kwa ajili ya binti, shangazi. Tumekuja kwa ajili ya kipa."

Mama mwenye nyumba aliinua sahani ya nyama kimya kimya akairudisha jikoni. Kocha alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akatusikiliza wote, bila kumkatiza mtu, na tulipomaliza akanigeukia mimi, maana alimjua ndugu yangu ni nani.

"Dada yangu, yule nitamtoa siku nitakayoona mwenyewe kwamba wakati umefika. Nikimtoa kwa sababu ya kelele zenu, huyu wako atakuwa akisikiliza kelele badala ya kutazama mpira."

Nilimwambia waziwazi kwamba kwa huo moyo wake laini nitampoteza ndugu yangu. Nilirudi nyumbani nimefura, na kwa muda mrefu tukikutana njiani nilikuwa najifanya kuangalia simu.

Siku ikafika, tukicheza na wageni kutoka Nanyuki. Kipindi cha pili, mpira ukiwa umetoka, kocha alitembea mwenyewe hadi golini. Akamshika mkongwe bega, wakaongea kidogo, wakakumbatiana. Timu yetu ina glavu jozi moja tu. Mkongwe alizivua akamvisha ndugu yangu kwa mikono yake, kidole kwa kidole. Wale waliokuwa wakimpigia kelele msimu mzima walinyamaza, hata muuza duka alikuwa anatazama chini. Wallahi mimi mwenyewe nilimwonea huruma.

Haukupita muda, shuti jepesi kabisa, la kuokota tu, likampita ndugu yangu katikati ya miguu. Uwanja ukalipuka. Toa huyo, ingiza yeyote! Sauti hizo nilizijua, zilikuwa za wateja wangu. Ndugu yangu alisimama ameinamisha kichwa, na nilijua kwamba akitolewa pale atafika nyumbani kabla yangu na kuanza kufunga nguo zake. Nikamtazama kocha. Yule yule niliyemgombeza kwa ulaini wake, sasa namwomba Mungu asimfanye mgumu, walau leo, walau kwa huyu wangu.

Kocha aligeuka, akautazama umati mpaka makelele yakapungua. Kisha akavuta kiti chake, akakaa, akakunja nne. Nililia mbele za watu wote.