Viatu vya Theluji, Al-Safa

Wananchi wote wa jiko na geti la jumba letu la Al-Safa mnajulishwa kwamba dereva wetu anakwenda kuishinda theluji. Bosi atatembea siku kadhaa kwenye milima ya Georgia, theluji ikimfika magotini, na mwezi jana alimpa dereva viatu vipya vya mlimani, maana miguu yao ni saizi moja, akamwambia, "Vaa kila siku." Dereva akavivaa papo hapo. Tangu hapo anaosha gari na viatu hivyo miguuni, soksi mbilimbili zikichuruzika jasho la Jeddah, gunia la mchele mgongoni. Akitembea kwenye lami anainua magoti juu kama kuku aliyeingia kwenye tope. Binamu yake wa Manfuha amemtumia koti zito kutoka Riyadh, na akitumwa dukani anajibanza kwenye chumba cha kuku walioganda, amefumba macho, anazoea. Rispah wa jikoni hamwachi: "Wewe Baba Theluji, si pasipoti yako imeshikwa na bosi, kafili wako? Utavuka na leseni?" Yeye huinama, hukaza kamba upya na kujibu, "Bosi hawezi kusahau mtu wake."

Jana bosi alishuka, akavijaribu viatu, akarukaruka, akasema "tamam," akapanda navyo ghorofani. Dereva akabaki na soksi zake. Rispah, safari hii bila utani, akamuuliza wanaondoka saa ngapi ili amfungie chapati.

"Wao wanaondoka saa tisa," akasema. "Viatu vimelainika."